Risala Niliyoiandika Nyuma ya Barua

Nianze kwa kukiri kwamba naona aibu, maana nikianza na hasira (na hasira ninayo, tena nyingi) mtasema Paskazia anajitetea. Basi naona aibu. Umati mzima ulisikia kwa masikio yake mambo niliyomwandikia mtu mmoja tu, na kila niliyemtaja humo alikuwepo, kaoga, kavaa nguo ya Jumapili, kakaa mahali pazuri pa kusikilizia. Lakini nikishamaliza kuona aibu nataka ninyi mnaonijua mniambie kosa langu ni lipi hasa, maana mpaka leo nikipita njiani hapa Nyabiyonza watu wananitazama kama mimi ndiye niliyesimama mbele yao nikasoma, na mimi sikusoma hata neno moja. Kusoma nilikatazwa. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Mnajua mimi ni mtu wa Muleba, nimesoma kwa masista mpaka wakaniambia inatosha, nikaolewa na Zakaria, mtu wa Kyerwa, mtoto wa watu wa ng'ombe, ambaye alikuwa karani wa kupima kahawa pale Omurushaka, na wakati huo wa Mwingereza karani mwenye kalamu mbili mfukoni alikuwa mtu mkubwa. Tulipata kibanja, shamba la migomba, hapa Nyabiyonza, nikajifunza kuilima kama watu wa huku, nikapata mtoto, na kwa kuwa mikono yangu haiwezi kutulia nikawa natunga nyimbo za kwaya, nikisuka vikapu, nikiwaandikia watu barua zao, na wakitaka risala ya kumkaribisha mgeni wananijia mimi. Nimeandika risala za wageni wengi. Hata moja sikuisoma mimi.

Mwaka huo tulimaliza kujenga shule. Kuta za tofali, bati juu, darasa la wavulana na, baada ya maneno mengi sana, darasa la wasichana. Mkaguzi wa shule alikuwa aje kutoka Bukoba kuifungua, na ndiye angeamua nani afundishe wasichana hao. Nilikuwa nimeomba kazi hiyo. Sikuiomba kwa mzaha, nilipanda lori mpaka Bukoba kuiomba, na nikirudi nilikuwa naiota, najiona nimesimama mbele ya ubao na chaki mkononi, na watoto wa kike wa Nyabiyonza wameketi chini wananitazama mdomo wazi.

Basi wazee wa kamati ya shule wakaja nyumbani, pamoja na katekista wetu, Ta Bonifasi, mtu mrefu mwenye miwani aliyopewa na padre mmoja aliyerudi kwao Ulaya (miwani yenyewe sidhani kama ilipimwa kwa macho yake). Wakasema wanataka risala nzito, ya kumweleza mgeni habari zetu na kazi tuliyoifanya. Nikasema nitaandika. Kisha nikauliza, kwa adabu kabisa, nimepiga magoti kama inavyotakiwa, kama naweza kuisoma mwenyewe.

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama mtu anavyocheka mtoto mdogo akitaka kushika panga.

"Ma Paskazia," akasema Ta Bonifasi, "mgeni anatoka Bukoba. Akikuta mwanamke anasoma atafikiri wanaume wa Nyabiyonza wamekufa wote."

"Lakini maneno ni yangu, Ta."

"Maneno ni ya kijiji. Wewe unayaandika tu."

Nikaenda kutafuta karatasi. Sasa sikilizeni uamuzi wenyewe mdogo ulioleta mambo yote haya, maana nimeufikiria mara nyingi na kila nikiufikiria naona ni uamuzi ambao hata ninyi mngeufanya. Daftari langu lilikuwa limekwisha, na karatasi wakati ule haikuwa kitu cha kuokota. Lakini nilikuwa na karatasi tatu kubwa ambazo nilikuwa nimeziandika kwa penseli upande mmoja tu. Ilikuwa barua yangu kwa Yustina, rafiki niliyesoma naye kwa masista, aliyeolewa Mwanza. Hatukuwa tumeandikiana kwa miezi mingi, na siku moja nikakaa nikamwaga yote, ya nyumbani, ya kazi zangu, ya safari, kama nilivyokuwa nikimwambia tukiwa tumelala kitanda kimoja bwenini. Hiyo ya penseli ilikuwa ya kujaribia, nilikwisha kuinakili kwa wino nikaituma. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe kabisa. Nikaandika risala huko nyuma, kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri wenye mikia. Ningeweza kuifuta ile penseli kwanza, ufutio nilikuwa nao. Sikuifuta, na nitawaambia ukweli kwa nini: nilikuwa naipenda. Ilikuwa imenitoka vizuri.

Jumapili baada ya sala nikampa Ta Bonifasi karatasi zake mlangoni mwa kanisa.

"Upande wa wino, Ta," nikamwambia. "Upande wa penseli ni takataka zangu, usiuangalie."

"Nimeona."

"Upande wa wino," nikarudia.

"Ma Paskazia, mimi nilikuwa nasoma Kilatini wewe ukiwa bado mgongoni kwa mama yako."

Akazikunja mara mbili akazitia katika kitabu chake cha sala, na hakuzifungua tena mpaka siku yenyewe. Hilo najua kwa sababu mikunjo ilikuwa ileile. Mtu amepewa risala ya kusoma mbele ya mkaguzi, amekaa nayo siku sita, na hakuifungua hata mara moja kuitazama.

Siku ikafika. Niseme ilikuwa siku nzuri, mvua ilikuwa imenyesha jana yake vumbi likatulia, na watu walikuja mpaka kutoka Kiruruma. Ndizi zilipikwa tangu alfajiri, maharage, nyama, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imekwisha iva. Nyama hiyo ilitoka kwa mama mkwe wangu. Alikuwa ametoa dume lake zima kwa ajili ya sherehe, akasema mjukuu wake atasoma shule ile, kwa hiyo hawezi kukaa bila kutoa kitu, na kwa sababu hiyo wazee wakamweka mbele kabisa, kwenye mkeka mpya, karibu na kiti cha mgeni. Yeye Kiswahili alikuwa hakielewi sana, basi binti yake Leokadia, wifi yangu, akakaa naye ili amtafsirie kwa Kinyambo. Zakaria alisimama na makarani wenzake karibu na mlango, baisikeli yake imeegemezwa ukutani inang'aa. Mimi nilikuwa kwenye mstari wa kwaya.

Mgeni akaja kwa gari la misheni, mtu mnene, mpole wa kutazama, suruali yake imenyooshwa vizuri. Tukaimba. Akapewa kiti. Ta Bonifasi akasimama, akafungua kitabu cha sala, akatoa zile karatasi, akazikunjua, akavaa miwani. Toka nilipokuwa nimesimama niliona wino. Nikaona mikia ya herufi zangu mizuri kabisa. Ikanichukua muda kuelewa kwamba kama mimi ndiye ninayeuona wino, basi yeye anatazama penseli.

"Mpendwa," akasoma.

Ta Bonifasi husoma kwa sauti kubwa sana, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akimaliza jiwe hili ndipo anatafuta lingine, na kila akifika anapumzika. Anaposoma hivyo maana haimpiti kichwani, inapita tu mdomoni ikaenda kwa watu.

"Mpendwa. Salamu nyingi. Ni miezi mingi. Sasa. Hatujaonana. Na najua. Umenung'unika. Leo nimepata nafasi. Nikupe habari zetu zote. Za nyumbani. Za kazi. Na za safari."

Mkaguzi akatikisa kichwa, ameridhika. Wazee wakatikisa vichwa. Na kweli, mkisikiliza, ndivyo risala zinavyoanza. Hata mimi kwa nukta moja nilijidanganya kwamba labda itaendelea hivyohivyo mpaka mwisho.

"Kwanza nyumbani. Mtoto ameota meno manne. Anauma kila kitu."

Watu wakacheka vizuri, wakafikiri ni utani wa kumchangamsha mgeni.

"Mama mkwe. Alikuja kutusalimia. Kwa wiki mbili. Sasa ni miezi minne. Na dalili ya kuondoka. Sijaiona."

Nikatoka kwenye mstari. Nilitembea mpaka mbele, na msiniambie kwamba sikujaribu, kila mtu aliniona. Nikasema, "Ta Bonifasi, samahani, geuza karatasi." Sikupiga kelele. Nilisema vizuri. Akainua mkono bila kunitazama, ule mkono anaowanyamazishia watoto wa mafundisho, na mzee mmoja wa kamati akaniambia, "Mama, acha risala isomwe." Nikasema, "Hiyo siyo risala." Akasema, "Basi utasema ikiisha." Mwimbaji mwenzangu akanivuta gauni kutoka nyuma, nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye mstari kama mbuzi.

Yeye akaendelea. "Hawa watu. Wanapenda ng'ombe. Kuliko binadamu. Ng'ombe akikohoa. Nyumba nzima haili. Mimi nikipata homa. Naulizwa kama nimemenya ndizi. Na nikimenya. Anasimama nyuma yangu. Anasema kwao Kyerwa. Hata mwendawazimu. Hamenyi hivyo."

Sasa nataka mfikirie ile tafsiri. Kila sentensi ilitoka kwa Kiswahili, watu wakacheka, kisha kukawa kimya kidogo, Leokadia akainama kwenye sikio la mama yake, na mimi nikawa natazama uso wa mama mkwe, naona sentensi inafika. Na Leokadia hakuruka kitu. Mtu angesema, huyu ni wifi yangu, huyu ni mama yangu, ngoja nipunguze hapa na pale. Hakupunguza. Mahali pengine tafsiri yake ilikuwa ndefu kuliko niliyoyaandika.

Zamu ya Zakaria ikafika. Nilikuwa nimemwandikia Yustina kwamba mume wangu amenunua baisikeli ya kuwatia wivu makarani wenzake, lakini anaiogopa kama mtu anavyoogopa nyati, hivyo huisukuma kutoka nyumbani, amebana suruali kwa kibanio, mpaka karibu na Omurushaka, na akiona nyumba za kwanza ndipo hupanda, huendesha hatua kama hamsini akiwasalimia watu, hushuka. Ta Bonifasi aliyasoma hayo yote jiwe kwa jiwe. Makarani walianza kwa kuguna, mwishoni walikuwa wameshikana mabega. Zakaria hakunitazama. Aliitazama ile baisikeli.

Kisha ukaja ukurasa wa pili, wa kazi zangu. Kwamba nimetunga nyimbo nne tangu mvua za vuli, kwamba nimesuka kapu lenye nakshi nyeusi ambalo hata mimi nikilitazama siamini, kwamba kwaya sasa inaimba kwa sauti tatu. Watu walikuwa wametulia kidogo. Nikafikiri, Mungu amenihurumia. Lakini nilijua kinachokuja, na nilijua yeye hajui.

"Katekista wetu," akasoma Ta Bonifasi, na sauti yake ikavimba. Akasita. Akamtazama mkaguzi, akatabasamu kidogo kama mtu anayeona soni kusifiwa, akarudi kwenye karatasi. "Katekista wetu. Ana sauti. Ya ndama. Aliyefungiwa mbali na mama yake. Na kila ninachotunga. Husema katunga yeye. Ile risala ya Pasaka. Watu walipolia. Niliiandika mimi. Huku nanyonyesha."

Hapo hakuna aliyecheka mara moja. Walingojea kwanza imfikie. Ilimfikia polepole, tukaiona inapanda kutoka shingoni, na ilipofika kwenye miwani umati wote ukaanguka kwa kicheko. Watu walilia machozi. Mwanamke mmoja wa Kiruruma alikaa chini kabisa kwenye majani.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu watu wa hapa hupenda kusema lilikuwa kosa tu, mzee aligeuza karatasi, yamekwisha. Karatasi mbili za kwanza lilikuwa kosa. Nakubali. Lakini sasa alijua. Alikuwa amekwisha jua anasoma nini na imeandikwa na nani. Angekunja karatasi, angesema samahani ndugu zangu nimegeuza vibaya, tungeimba wimbo, mgeni angekula. Hakufanya hivyo. Aliinua kichwa akanitafuta kwenye kwaya mpaka akaniona. Akanitazama. Kisha akachukua karatasi ya tatu, akaiweka juu, akaanza kuisoma, safari hii vizuri, bila kukanyaga mawe, kama mtu aliyesoma Kilatini kweli.

Ya tatu ilikuwa ya safari.

Nilimwandikia Yustina jinsi nilivyokwenda Bukoba juu ya magunia ya kahawa, nikatapika tulipovuka mto Kagera pale Kyaka, nikatapikia kitambaa changu cha kichwa maana hapakuwa na kitu kingine, nikaingia mjini kichwa wazi kama mfiwa. Hayo hayakuniuma sana. Yaliyoniuma ni haya, na nayakumbuka yote, maana ndiyo niliyokuwa nimeyapenda zaidi:

"Siku ya kwanza niliambiwa mkaguzi yuko safarini, nami naiona miguu yake chini ya mlango. Siku ya pili niliketi barazani mpaka jua likahama. Siku ya tatu akanipokea, anakula karanga, maganda anayaweka juu ya barua yangu. Aliniuliza mume wangu ni nani, kama ameniruhusu, kama nina mimba, na kama nitapata nyingine. Kama najua kusoma na kuandika hakuniuliza. Kichwa chake ni kikubwa, Yustina, lakini sikuona anakitumia kufanya nini."

Kimya. Hata watoto walinyamaza, na Leokadia naye, safari hii, alisahau kutafsiri. Na Ta Bonifasi katika kimya hicho akamalizia mstari wa mwisho, kwa sauti ya upole kabisa: "Usimwonyeshe mtu barua hii. Wako, Paskazia."

Mkaguzi aliinuka. Akafuta mikono kwa leso ingawa alikuwa hajala kitu. Akasema anawashukuru watu wa Nyabiyonza kwa kazi ya shule, ni shule nzuri, bati limepigwa vizuri. Kisha akauliza, "Huyo Paskazia yuko hapa?"

Nikaenda mbele nikapiga magoti. "Shikamoo bwana mkaguzi. Ni mimi."

"Umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi, bwana. Lakini risala yenyewe iko upande wa pili. Naomba niisome."

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya watu wote, uso unawaka, lakini nilimaanisha. Ile risala ilikuwa nzuri. Ilikuwa na maneno ya watoto wa kike ambayo nilikuwa nimeyapima moja moja, ya wasichana wanaobeba maji wakipita nje ya dirisha la darasa la kaka zao wakisikia hesabu zinasomwa, wakazijibu kimoyomoyo wakiwa njiani. Nilijua akiisikia hiyo atasahau karanga. Ta Bonifasi alikuwa bado amezishika zile karatasi, na upande wa wino ulikuwa umemtazama mkaguzi usoni.

Akaitazama saa yake. "Tumesikia ya kutosha," akasema.

Hivyo ndivyo risala ya kufungua shule ya Nyabiyonza ilivyobaki bila kusomwa mpaka leo.

Kesho yake wazee wa kamati wakakutana, wakaniita, wakasema nimeiaibisha shule na nyumba na kanisa, kwa hiyo niwaombe msamaha watu wanne, mmoja mmoja: mama mkwe, mume, katekista na mkaguzi, huyu wa mwisho kwa barua. Nikauliza, na Ta Bonifasi ataniomba lini msamaha? Wakatazamana. Mmoja akaniuliza kwa mshangao wa kweli, kwa kosa gani. Nikasema, kwa kusoma barua isiyo yake. Akasema, "Lakini wewe ndiye uliyempa." Nikasema nilimwambia upande wa wino. Akasema, "Mama, umeanza tena."

Zakaria sikungoja niambiwe. Siku ya sherehe alirudi nyumbani akisukuma baisikeli yake wazi mbele ya watu, akaiegemeza ukutani, akakaa, nami nikamwomba msamaha kwa moyo wote.  Halafu akasema, "Ya baisikeli ungeniambia mimi. Ungenishika nyuma nikajifunza." 

Mama mkwe nilimkuta asubuhi akifunga mzigo wake. Nikaweka mtoto chini, nikapiga magoti, nikaanza maneno niliyoyaandaa. Akanikatiza kwa Kinyambo chake cha kule nyikani, kile cha taratibu.

"Leokadia alinitafsiria," akasema. "Lakini yule huongeza. Tangu mdogo huongeza. Lete karatasi unisomee mwenyewe."

"Mama, maneno yale si ya kusoma mara mbili."

"Nimesomewa mbele ya watu. Utashindwa kunisomea tukiwa wawili?"

Zile karatasi nilikuwa nimezichukua kwa nguvu kutoka kwa Ta Bonifasi. Nikazileta. Nikakaa chini miguuni pake nikasoma, sentensi kwa Kiswahili, sentensi kwa Kinyambo, sikupunguza, maana niliona nikipunguza nitakuwa Leokadia wa upande wa pili.  Yeye alisikiliza huku anatafuna buni zake za kahawa, uso haubadiliki.

"Si miezi minne," akasema nilipomaliza. "Ni miezi mitatu na siku kumi."

"Ndiyo, mama."

"Ya ng'ombe ni kweli. Mama mkwe wangu naye alikuwa hivyo, na mimi nililia kama wewe, ila sikuwa na karatasi. Ya ndizi, sibadilishi neno. Hujui kumenya."

Kisha akaanza kuufungua ule mzigo, polepole, fundo moja baada ya jingine, na akiwa anafungua akaniambia jambo ambalo hata Zakaria alikuwa halijui. Kwamba tangu mumewe afe, ndugu za mumewe waligawana ng'ombe wote, wakasema Zakaria amekuwa mtu wa kalamu, ng'ombe wa nini. Wakamwachia dume moja na kibanda kando ya zizi ambalo sasa ni la wengine. Kila asubuhi alisikia maziwa yanakamuliwa upande wa pili wa ua na hakuna anayemletea. Akaja kwetu kwa wiki mbili, na wiki mbili zilipokwisha akaona hawezi kurudi, na kusema hawezi, kwa sababu mwanamke wa nyumba ya ng'ombe hasemi kwamba hana. Lile dume alilotoa kwa sherehe ya shule lilikuwa la mwisho.

Hapo aibu ilinishika kweli. Ile ya mbele ya watu ilikuwa joto la uso tu, ingepoa. Nilikuwa nimekaa na mtu huyu miezi mitatu na siku kumi, mimi ninayejisifu kwamba naona kila kitu na nakiandika vizuri, naandika anavyosimama, anavyosema, anavyotafuna, na sikuwahi kumuuliza kwa nini haondoki. Nililia. Alinitazama nikilia, hakuniambia ninyamaze.

"Ukimwandikia tena huyo rafiki yako," akasema, "mwandikie na hayo."

Nilimwandikia. Na kabla sijatuma nilimsomea kwanza, akarekebisha mahali pawili.

Mkaguzi naye aliandika. Barua ilikuja baada ya mwezi, fupi, ikasema darasa la wasichana amepewa binti wa ndugu yake Ta Bonifasi, msichana mwema, mtulivu, ambaye (mtanisamehe, lakini ni ukweli na kila mtu anaujua) huniletea mimi barua zake nimwandikie. Mimi nikaambiwa kwamba elimu yangu ni nzuri ila ulimi wangu haufai kuwa karibu na watoto. Ulimi gani? Mimi siku hiyo sikupewa nafasi ya kutumia ulimi. Ulimi uliotumika ulikuwa wa mtu mwingine, na huyo wamemwongezea cheo, sasa ni mwenyekiti wa kamati ya shule.

Kwa hiyo kati ya wale wanne nimewaomba msamaha wawili, na ninawaomba hata leo nikikumbuka. Wawili waliobaki wangoje. Mwaka huu wazee wamekuja tena, kuna mgeni mwingine mkubwa anakuja, wanataka risala nzito. Niliwapa viti, nikawapa rubisi, nikawaambia kwamba nimeapa, na mama mkwe ni shahidi wangu, sitaandika tena hata mstari mmoja wa kusomwa na mdomo wa mtu mwingine, nikiandika mimi nasoma mimi. Wakasema jambo hilo ni zito, wakaenda kushauriana na mwenyekiti wao. Ni wiki ya tatu wanashauriana. Mgeni anafika Jumamosi, na mimi sijaandika neno.